Homoni inayobomoa mfupa huujengaje?

Ndugu muulizaji, unashangaa mama yako kuandikiwa sindano za teriparatidi za kujenga mifupa iliyodhoofika, ilhali umesoma kwamba homoni ya paratiroidi, ambayo dawa hiyo ni kipande chake, huchota kalsiamu mifupani. Nami nilimsumbua daktari wangu kwa swali hilohilo baada ya pingili zangu mbili za uti wa mgongo kuvunjika bila hata kuanguka, na sasa nimemaliza miaka 2 ya sindano hizo.

Ulichosoma ni kweli, lakini kinahusu homoni inayokaa juu damuni usiku na mchana, kama ilivyo kwa mtu ambaye tezi zake za paratiroidi, zile ndogo za shingoni zinazoitoa, zimezidisha kazi. Hapo osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, hutoa ishara za kuziamsha osteoklasti, zile zinazoumeng'enya, hata ubomoaji ukaupita ujenzi. Teriparatidi hudungwa chini ya ngozi, mikrogramu 20 mara moja kwa siku, ikapanda upesi na kutoweka damuni baada ya saa chache. Msukumo huo mfupi huzirudisha kazini seli zilizokuwa zimelala juu ya uso wa mfupa, huchelewesha kufa kwa osteoblasti zilizopo, na hupunguza sklerostini, protini inayotolewa na seli zilizozikwa ndani ya mfupa ili kuzuia ujenzi. Dawa nyingine ya kujenga mfupa, romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, huikamata sklerostini yenyewe, ila haifai kwa mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi katika mwaka uliotangulia.

Alendronati niliyoimeza hapo awali haimo katika kundi la dawa hizi mbili, ingawa wengi huiita dawa ya kujenga mfupa: yenyewe huzizuia osteoklasti tu. Kwa teriparatidi, ujenzi hutangulia na ubomoaji hufuata miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo faida kubwa hupatikana mwanzoni.

Siku za kwanza nilipata kizunguzungu kila niliposimama baada ya sindano, nikaihamishia wakati wa kulala, na sikusumbuka tena.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema, na lilinikera, ni kwamba mfupa uliopatikana huanza kupotea mara dawa inapokoma, usipoendelea na dawa ya kuzuia ubomoaji. Mimi nilipewa asidi ya zoledroniki, dripu moja kwa mwaka. Muulizeni daktari mapema, kalamu ya mwisho ya sindano za mama isije ikaisha kabla hamjajua dawa itakayofuata.