Sindano na Uzi: Bumba liko chini, kosa liko juu

SWALI: Asalaam alaykum Bi Mshoni. Mie niko Wete, bibi yangu kaniachia charahani yake ya mkono, ile nyeusi ya zamani. Nimeangalia video wiki mbili nikaona nshajua, nikakata gauni la dira la Iddi. Basi kila nikishona, uzi unafanya bumba chini ya kitambaa kama nywele hazijachanwa mwezi. Jirani kanambia bobini, kile kidude kinachozungushiwa uzi wa chini, mbovu, nimenunua nyengine, mambo yale yale. Niiuze?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usiuze kitu! Bumba likitokea chini kila mtu anailaumu bobini, na mara nyingi bobini ya watu haina kosa, kosa liko kwenye uzi wa juu. Hebu utoe wote uanze upya. Inua ule mguu unaokandamiza kitambaa KABLA hujatia uzi, maana kwenye charahani nyingi mguu ukiwa chini vile visahani viwili vya kukazia uzi vinakuwa vimebana, uzi unapita pembeni hauingii katikati yao. Ukishatia shusha mguu, vuta uzi taratibu: ukiwa mzito mkononi umekaa sawa, ukiteleza tu bado. Halafu shika ncha zote mbili, ya juu na ya chini, zivute nyuma ya mguu mpaka upite mishono mitatu minne ya mwanzo. Na gurudumu lizungushe upande mmoja tu, ukirudisha nyuma uzi unajifunga wenyewe.

Sindano nayo itazame. Ubavu mmoja wa kichwa chake ni bapa, sasa kabla hujaitoa ile ya bibi angalia ubapa umeelekea wapi, mpya uitie vile vile. Kwa pamba ya kanga tumia namba 14, kwenye pakiti utaona 90/14.

Sasa dira. Mwanangu, dira ya Iddi na hujashona hata mstari mmoja ulionyooka? Mwili wake si mgumu, ni mapana tu, kinachoua watu ni shingo. Iweke. Chukua karatasi ya daftari la skuli, toa uzi kabisa, shona juu ya ile mistari bila uzi mpaka vitundu vifuate mstari bila kuyumba (ile sindano usiirudishe kwenye nguo, karatasi inaifanya butu).

Ukitoka hapo pinda kanga. Wallahi sijaona mwalimu kama kanga. Doti inakuja vipande viwili vimeshikana, kata katikati kwa kufuata mstari uliochapwa, usifuate jicho lako. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani, ziache, unapinda zile fupi tu. Kunja nusu sentimita, piga pasi, kunja tena nusu sentimita, pasi tena, ndo ushone karibu na ukingo wa ndani. Watu wanaruka pasi halafu wanashangaa pindo limejipinda kama mkia wa paka. Doti moja ina mapindo manne, kila moja mita 1 na ushei, yaani ukimaliza umeshona zaidi ya mita 4 moja kwa moja, na majirani watakuletea nyengine bila kuitwa.

Ukishaitia mafuta charahani, shona kwanza kitambaa kibovu mpaka kitoke kikavu. Mie nilimpindia wifi yangu kanga nyeupe ya harusi, tone jeusi likaingia palepale kwenye jina. Mpaka leo akiivaa ananitazama.

SWALI: Bi Mshoni, mie kijana nakaa geto hapa Mjini, kwetu Mkoani. Vifungo vya kanzu na mashati vinanidondoka kila nikivishona, aibu tupu msikitini.

JIBU: Unavibana mno, baba. Kifungo kikigandana na nguo hakina pa kupitisha kile kitambaa cha upande wa pili, kinavutwa kila ukifunga mpaka uzi unakatika. Weka kijiti cha kibiriti juu ya kifungo, shona mara nne tano ukipita juu yake, chomoa kijiti, inua kifungo kije juu, uzungushie uzi kwa chini yake mara tatu kifanye kishingo, ndo ufunge fundo upande wa ndani. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, mrefu unajisokota na kufunga mafundo njiani. Na uwe mara mbili.