Maswali na majibu: Katoni zangu za kahawa zinabonyea ndani ya boti. Ninunue kadibodi ya kuta mbili?

SWALI

Jambo sana fundi. Niko Bukavu, ninakaanga kahawa na kuifunga kwenye paketi za gramu 250. Kila wiki ninatuma mzigo Goma kwa boti. Katoni yangu inabeba paketi 24 zilizosimama safu moja: urefu sentimita 48, upana 24, kimo 16. Kijana anayenikatia anatumia kadibodi ya ukuta mmoja. Zikifika Goma, za chini zimebonyea, kuta ndefu zimekunjika kwa ndani, na mwezi uliopita paketi kadhaa zilipasuka. Nimetazama zilizoharibika na kuona kwamba ile mistari ya ndani ya kadibodi imelala, inafuata urefu wa katoni. Sijui kama hilo lina maana. Dukani wananiambia nichukue kadibodi ya kuta mbili, lakini bei yake itakula faida yote. Hakuna njia ya kupata katoni imara kwa kadibodi hii hii? Nataka pia ziwe za kukunjwa, ili tupu zirudi Bukavu zikiwa bapa. Aksanti.

JIBU

Jambo sana mama, na pole kwa hasara. Usinunue kadibodi ya kuta mbili bado. Jambo lile uliloliona halafu ukasema hujui kama lina maana, ndilo ugonjwa wenyewe.

Kadibodi ya ukuta mmoja ni karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi ya tatu iliyopindwa mawimbi; ya kuta mbili ina safu mbili za mawimbi hayo. Chukua bati la nyumba. Lisimamishe ukutani mifereji yake ikitoka juu kwenda chini, kisha ulikandamize kwa juu: linakataa. Sasa ligeuze, mifereji ilale kutoka kushoto kwenda kulia, ulikandamize tena: linajikunja kama mkeka. Kuta za katoni ni hivyo hivyo. Mawimbi yakisimama, kila wimbi ni nguzo ndogo. Yakilala, umebaki na karatasi tatu tu zinazosubiri mahali pa kukunjikia, na kunjo hilo litatokea hasa pale ulipoliona wewe, katikati ya ukuta mrefu. Labda kijana wako aliyalaza ili apate katoni moja zaidi kwenye karatasi kubwa. Mwambie kwa upole kwamba katoni hiyo moja inawagharimu nyingine zote. Mistari isimame, siku zote, kwenye kuta zote nne.

Hilo peke yake lingekusaidia sana. Lakini umbo la katoni yako nalo linakula kadibodi bure na kuongeza uzito chini, kwa hiyo tulitazame.

Paketi zako, kwa vipimo ulivyonipa, zina takriban sentimita 8 kwa 6, na kimo 16. Badala ya kuzipanga 6 kwa 4 safu moja, zipange 4 kwa 3, safu mbili. Unapata katoni ya urefu 32, upana 18, kimo 32. Paketi ni zile zile 24, na ujazo ni ule ule hata kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa katoni ya kawaida, ile yenye mabawa manne juu na manne chini, kadibodi inayotumika ni mzingo wake (urefu wa kuzunguka kuta zote nne) mara jumla ya kimo na upana. Ya zamani: 144 mara 40, sawa na sentimita za mraba 5,760. Mpya: 100 mara 50, sawa na 5,000. Kadibodi iliyokuwa inatoa katoni 100 sasa inatoa 115. Siri yake ni uwiano: kwa aina hii ya katoni, kadibodi kidogo kabisa hupatikana urefu ukiwa mara mbili ya upana, na kimo kikiwa sawa na urefu. Umbo jipya limekaribia sana hapo.

Sasa uzito. Wachukuzi wa bandarini hawahesabu katoni, wanapanga mpaka kimo cha mtu. Katoni ya kimo cha 16 zinaingia kumi, ya 32 zinaingia tano. Katoni iliyojaa nikiikadiria kilo 6.5, ile ya chini kabisa katika mpango wa zamani ilikuwa imebeba tisa kichwani, kilo 58 na nusu. Katika mpango mpya inabeba nne, kilo 26. Na usisahau kwamba paketi ya kahawa ni laini. Makopo ya nyanya husaidia kubeba yaliyo juu yake. Kahawa haisaidii kitu. Kuta ndizo zinazobeba kila kilo.

Je, ukuta mmoja unatosha kwa hizo kilo 26? Kuna kanuni ambayo mafundi wa katoni wanaitumia tangu mwaka 1963, iliyotolewa na Robert McKee na wenzake huko Appleton, Wisconsin, Marekani. Unazidisha mzingo wa katoni kwa unene wa kadibodi, unatafuta kipeuo cha pili cha jibu (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu hilo), kisha unazidisha kwa nguvu ya ukingo na kwa 5.87. Nguvu ya ukingo ni uzito ambao sentimita moja ya kadibodi iliyosimama hubeba kabla ya kupondeka. Kadibodi ya kawaida ya ukuta mmoja, unene milimita 4, hubeba karibu kilo 5.7 kwa sentimita. (Katoni zilizotoka Marekani mara nyingi zina muhuri wa duara kwenye bawa la chini, ukiona 32 humo, ni kipimo hicho hicho kwa pauni na inchi.) Kwa katoni mpya: 100 mara 0.4 ni 40, kipeuo chake cha pili 6.32, mara 5.7, mara 5.87. Inakuja kilo 211.

Kilo 211 kwa mzigo wa 26 inaonekana ni anasa. Sivyo. Namba hiyo ni ya katoni kavu, mpya, iliyobanwa kwa dakika chache na mashine iliyonyooka. Juu ya Ziwa Kivu mambo ni mengine. Hewa yenye unyevu wa asilimia 90 inaondoa karibu nusu ya nguvu hata kama hakuna tone la maji lililoigusa katoni. Kukaa chini ya mzigo siku chache kunaondoa sehemu nyingine. Mimi huhesabu inabaki asilimia 70. Kupangwa vibaya huweza kuondoa hata nusu; nakadiria inabaki 60. Zidisha zote tatu, unabaki na kama moja ya tano. Kwa hiyo uzito wowote wa juu uuzidishe kwa tano: 26 unakuwa 130, na katoni yenye uwezo wa 211 inapita na akiba ya kutosha. Katoni yako ya zamani, hata mistari ingesimama, ina uwezo wa kama 254 na ilihitaji 292. Ilikuwa inashindwa kabla haijaondoka Bukavu.

Kadibodi ya kuta mbili, ile ya milimita 7, ingekupeleka karibu kilo 420. Ningeichagua kwa mzigo utakaokaa miezi kwenye depo, au kwa chupa za asali. Kwa safari ya ziwa na kahawa, pesa hiyo ibaki mfukoni mwako.

Nije kwenye kukata, kwa sababu hapa ndipo katoni nzuri huharibikia mezani. Karatasi ya katoni moja iwe sentimita 104.9 kwa 51.4. Ukiitandaza mbele yako, upande mrefu ukienda kushoto na kulia, mistari ya mawimbi itoke kifuani kwako kwenda mbele. Kutoka kushoto pima ulimi wa gundi 3.5, kisha kuta: 32.4, 18.4, 32.4, na wa mwisho 18.2. Zile milimita 4 za ziada ni unene wa kadibodi unaoliwa na mikunjo. Ukuta wa mwisho umepunguzwa milimita 2 ili usichungulie nje ya pembe. Kutoka chini kwenda juu: bawa 9.3, ukuta 32.8, bawa 9.3. Kabla ya kukata hata moja, pima paketi zako upya, zikiwa zimejaa na zimepumzika siku mbili baada ya kukaangwa. Kahawa mpya inatoa gesi ya kaboni dioksidi, na paketi isiyo na valvu huvimba. Paketi zikisukuma ukuta nje, ule ukuta uliotakiwa usimame wima unakuwa tumbo, na tumbo halibebi.

Mkunjo usiukate kwa kisu. Ubonyeze kwa kitu butu, mgongo wa kijiko au gurudumu dogo, mpaka wimbi lilale bila karatasi kupasuka. Mipasuo kati ya mabawa iwe na upana wa milimita 6, na iishie kwenye mstari wa mkunjo. Milimita tano tu zaidi ya hapo zinafungua tundu kwenye pembe. Nasisitiza pembe kwa sababu zenyewe hubeba karibu theluthi mbili za uzito wote. Katikati ya ukuta hubeba kidogo. Niliwahi kupoteza mzigo mzima wa sabuni kwa kosa hilo: kisu changu kilikuwa kinapita mstari kidogo kila mara, nikaona ni jambo dogo. Katoni zote zilianza kupasuka mahali pamoja, kona ya chini, kama zimeambiana.

Ulimi ugundishe kwa gundi nyeupe ya mbao, upake wote bila kuacha nafasi, ubane chini ya ubao mpaka ukauke. Uji wa unga wa muhogo unashika vizuri kiangazi, Juni mpaka Agosti, lakini mvua za Septemba zikirudi unaachia. Ulimi ukishagundishwa, katoni inalala bapa yenyewe, nawe unaifungua kwa kusukuma pembe mbili. Hiyo ndiyo katoni ya kukunjwa uliyoiomba, haihitaji ufundi mwingine. Chini, kunja kwanza mabawa mafupi. Yataacha pengo la sentimita 13 na kitu katikati. Lijaze kwa kipande cha mabaki, ili paketi zikae sawa. Kisha mabawa marefu yakutane katikati, skochi pana ipite juu ya mstari huo na ishuke kila upande sentimita 6 hivi. Kati ya safu mbili za paketi weka karatasi moja ya kadibodi. Matundu ya mikono usitoboe. Kwa kilo 6.5 hayana kazi, na kila tundu linapunguza nguvu.

Upangaji ni kazi ya wengine, lakini mzigo ni wako, kwa hiyo simama bandarini ukiweza. Wachukuzi wanapenda kupanga kama matofali, moja ikikalia viungo vya mbili, kwa sababu rundo halianguki. Kwa katoni ni sumu: pembe ya juu inakanyaga katikati ya ukuta wa chini, pale pasipo na nguvu. Pembe ikae juu ya pembe, nguzo moja kwa moja mpaka juu, kisha nguzo zote zizungushiwe kamba pamoja. Chini ya kamba, kwenye kila kona, tia kipande cha kadibodi kilichokunjwa, kamba isikate. Chini ya rundo lote ziwepo mbao mbili tatu, kwa maana sakafu ya boti haikosi maji. Turubai juu ni lazima, ila liache hewa ipite pembeni. Likifungwa kama mfuko, jasho lake linalowesha katoni usiku kucha. Mfuko wa plastiki ndani ya katoni unalinda kahawa, haulindi katoni.

Kuhusu kadibodi yenyewe: waulize kama karatasi ya nje ni ya krafti, yaani ya nyuzi mpya za mti, au ya mabaki yaliyosagwa upya. Ya mabaki ni nafuu na kiangazi inafaa, lakini nyuzi zake ni fupi na unyevu huimaliza haraka. Dondosha tone la maji juu ya kila moja utazame ipi inalinywa kwanza.

Kabla ya kuagiza nyingi, tengeneza nne na uzijaribu. Zijaze paketi, uzifunge, uziache usiku mmoja wazi kwenye baraza ya kuelekea ziwani. Asubuhi zipange miguu minne chini ya ubao mnene, kama meza, zikae sawasawa. Juu ya ubao weka polepole mifuko minane ya simenti ya kilo 50, ikae katikati na isiegemee upande. Kila katoni sasa imebeba kilo 100 pamoja na unyevu wake. Watoto wasipite karibu. Iache mpaka kesho yake, halafu upitishe kiganja kwenye kila ukuta, kisha kwenye kila pembe. Ukuta ukiwa umevimba kidogo lakini pembe ziko kali, agiza. Pembe hata moja ikiwa imelegea, ifungue kwanza utazame mpasuo wake uliishia wapi, kabla ya kulaumu kadibodi.

Tupu zikirudi kutoka Goma, pitisha kiganja vile vile. Pembe laini haibebi tena kahawa. Ikate iwe vipande vya kuwekea kamba.