Mashine ya milioni 2.8 au ya milioni 12 kwenye changarawe za Nzega?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuko wachimbaji wanne, tuna leseni ndogo huku Nzega, mkoani Tabora. Kwenye changarawe nyekundu karibu na maduara (mashimo ya kuchimbia) ya zamani tunaokota dhahabu ya juu: nyingi kama ulezi, mojamoja kama mtama. Tumechanga milioni 5. Tumeletewa mashine mbili za kutafutia dhahabu ardhini: Gold Monster 1000 mpya kwa milioni 2.8 na GPX 5000 iliyotumika kwa milioni 12. Mwenye GPX anasema inaona dhahabu mita 3 chini, na kwamba ile nyingine ni ya kuchezea watoto. Wenzangu wanataka tukope. Yupo pia mzee mmoja mwenye kifaa cha antena mbili, anasema kinaonyesha dhahabu iliyo kilomita moja. Tuchukue ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Msikope. Kwa dhahabu uliyoieleza ningeanza na ya milioni 2.8, na hata mngekuwa na milioni 20 mkononi ningewaambia hivyohivyo.

Mashine zote mbili ni za Minelab ya Australia, ila kila moja inaisikiliza ardhi kwa namna yake. Gold Monster hutuma mawimbi mfululizo, mizunguko 45,000 kwa sekunde, na husikiliza huku ikituma. Wingi huo wa mizunguko ndio unaoifanya ishtukie hata punje ya ulezi, mradi iwe karibu na sahani, yaani ile sehemu bapa ya chini inayopitishwa juu ya ardhi. GPX hupiga umeme kwenye sahani, ikaukata ghafla, kisha ikasikiliza. Metali iliyopigwa hubaki ikiitikia kwa muda mfupi mno baada ya umeme kukatwa. Kipande kikubwa huitikia kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mashine hukipata hata kama kiko chini na udongo una chuma kingi. Punje ya ulezi huwa imeshanyamaza kabla GPX haijaanza kusikiliza. Mtapita juu yake na mashine ya milioni 12, na haitatoa hata mlio.

Kuhusu mita 3, huyo mwuzaji labda anazungumzia pipa la chuma lililozikwa. Kina hutegemea ukubwa wa kipande. Punje ya ulezi husikika ikiwa sentimita chache tu chini ya sahani; ya mtama huongeza kidogo. Hakuna mashine ya kushika mkononi itakayoziona mita moja chini, sembuse tatu.

Sasa niseme udhaifu wa Gold Monster, maana upo na mtakutana nao siku ya kwanza. Changarawe nyekundu imejaa chuma, na kuna vijiwe vyeusi vizito ambavyo hulia karibu sawa na dhahabu. Mashine ikilia kila hatua, watu hukata tamaa au huanza kuchimba kila mlio. Shusheni usikivu. Kipimo cha usikivu, ukikipanga mwenyewe, huenda mpaka 10. Kwenye udongo wa namna hiyo nusu ya hapo inaweza kutosha. Utapoteza kina kidogo, lakini mlio utakaousikia utakuwa na maana. Sahani iende polepole, karibu kugusa ardhi. Kiangazi, nyasi zikishaungua, ndio wakati mzuri, kwa sababu nyasi ndefu zikikunyanyulia sahani sentimita tano, ulezi wote umeukosa. Simu zizimwe, na mwenye jembe akae mbali.

Kwa kuwa mko jirani na maduara ya zamani, kuna jambo jingine linaloipa Gold Monster nafasi. Ardhi hiyo ina misumari ya magogo, vipande vya nyaya za baruti, vizibo vya soda. Gold Monster ina kioo kinachoonyesha kama mlio unaelekea kuwa chuma au kitu kingine. Hukosea mara nyingine, hasa kwenye chuma chenye kutu, lakini itawapunguzia mashimo mengi ya bure. GPX 5000 huweza kukataa chuma kilicho juujuu tu, tena ikiwa imefungwa sahani ya aina fulani. Kilichobaki mtachimba kila msumari.

Hiyo milioni 2.2 itakayobaki itumieni kukwangua. Ondoeni udongo tabaka la sentimita tano, pitisheni mashine, ondoeni tena. Hapo kina kidogo cha mashine kinaacha kuwa tatizo, kwa sababu ninyi ndio mnaoifuata dhahabu chini. Na kila tabaka osheni karai moja ya udongo. Dhahabu ya unga na ile iliyojificha ndani ya mwamba haiwezi kusikika kwa mashine yoyote kati ya hizi, hata mwamba uwe mzuri kiasi gani. Pale Lusu, hapo Nzega, mgodi mkubwa wa Golden Pride ulifanya kazi kwa miaka mingi kabla ya kufungwa, na dhahabu yake ilipatikana kwa kusaga mawe kinuni, si kwa kuokota. Kwa hiyo mashine ikinyamaza msiseme eneo limekufa. Ulizeni karai kwanza.

GPX itafaa mkianza kupata vipande vya ukubwa wa harage na dalili kwamba vinaendelea chini. Hapo tafuteni ya kukodi kwa wiki moja. Ya kununua iliyotumika inanitia wasiwasi zaidi kuliko bei yake: GPX zimeigwa sana, na za bandia hufanana na halisi mpaka nembo. Namba ya mashine ihakikiwe na kampuni au wakala wake kabla hamjatoa hata shilingi.

Cha antena mbili, mwacheni mzee nacho. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vilivyodaiwa kugundua mabomu. Ndani havikuwa na kitu kinachofanya kazi, na Iraq ilikuwa imenunua kwa mamilioni ya dola. Antena inayozunguka mkononi inazungushwa na mkono wenyewe.

Kabla ya kulipa, jaribuni kwenye udongo wenu, si dukani. Msifukie dhahabu kwenye shimo, kwa sababu udongo uliotifuliwa hulia tofauti na uliotulia. Chukueni bomba la maji la plastiki, mlichomeke ardhini kwa mshazari. Bandikeni punje moja ya ulezi kwa gundi kwenye ncha ya kijiti cha mwanzi, muisukume ndani ya bomba, na mpitishe sahani juu ya udongo ambao haujaguswa. Tieni alama kwenye kijiti pale mlio unapopotea. Rudieni na punje ya mtama, kisha fanyeni vivyo hivyo na GPX kama mwenyewe atakubali kuileta. Niandikieni vipimo vyote vinne, nami nitawaambia kama mnahitaji sahani ndogo ya inchi 5 au ile ndefu ya inchi 10 inatosha.