Kona ya Nyuzi: Kabla hujauza mandolini yako, angalia briji

*Habari ya kazi ndugu wa Kona ya Nyuzi. Nilinunua mandolini ya mtumba, ile ya kawaida haina mapambo. Nikipiga karibu na kichwa iko sawa, lakini nikipanda kwa freti (vile vyuma vya shingoni) ya 10, 12 hivi inalia vibaya mpaka wenzangu wa kwaya wananigeukia. Fundi mmoja ameniambia hii siwezi pata nayo sauti ya blugrasi, ule muziki wa Amerika wa banjo na mandolini, nitafute ile yenye bega limeviringwa. Niuze? – Msomaji, Section 58, Nakuru*

Usiuze ndugu yangu, na kama umeshaweka picha kwa Facebook itoe. Hio shida unaeleza karibu kila mara ni briji, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya uso wa mandolini. Briji ya mandolini sio kama ya gitaa, haijabandikwa na gundi, inakaa pale juu kwa sababu nyuzi zinaikandamiza basi, kwa hivyo mtu akitoa nyuzi zote mara moja ndio apanguse vumbi, briji inaanguka, anairudisha mahali anafikiria ilikuwa, na mandolini ni fupi sana, kutoka nati (kile kijibao chenye mikato ya nyuzi karibu na kichwa) hadi briji ni kama sentimita 35, ukikosea milimita 2 sikio linajua.

Fanya hivi. Tyuni vizuri kwanza, halafu gusa waya kidogo tu juu kabisa ya freti ya 12 bila kukandamiza, piga, utapata ile sauti nyembamba kama kengele. Sasa kandamiza hapo hapo kwa 12 upige tena. Ile ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, sogeza briji iende mbali na shingo, ikiwa chini ilete karibu na shingo. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kusukuma ndio usikwaruze mbao, na upime upande wa G, waya mnene, na upande wa E, waya mwembamba, kila mmoja kivyake, usishangae ikiishia kusimama imekaa upande kidogo. Ukimaliza chora alama na penseli. Pia angalia kama miguu ya briji imelala kwa mbao vizuri, ukiona mwanga unapita chini yake sauti inapotea hapo, na hio ni kazi ya msasa na subira, sio kazi ya kununua mandolini mpya. Nyuzi kwa freti ya 12 zikae juu kama milimita 1.5 hadi 2, briji nyingi ziko na vigurudumu viwili vya kupandisha na kushusha.

Hio ya bega kuviringwa inaitwa umbo la F, yako ni umbo la A. Watu wanaipenda F kwa sababu Bill Monroe, yule wa Kentucky aliyeanzisha huu muziki, alipiga F-5 ya kampuni ya Gibson iliyotiwa sahihi na Lloyd Loar, mtaalamu wao, Julai 1923, na hio mandolini kweli ni ya ajabu. Mwaka 1985 mtu aliingia kwake akaivunja vipande vipande, Gibson wakaiunganisha tena kibanzi kwa kibanzi na mzee akaendelea kuipiga. Lakini ile mbao ya kuviringwa ni kazi ya fundi unalipia, sauti haitoki hapo. Sauti inatoka kwa uso uliochongwa wa mbao ya spurusi, mgongo wa mbao ya mepo, na matundu. Kama A yako iko na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f itakata vizuri kwa bendi, kama iko na tundu moja la mviringo itakuwa laini zaidi na sauti inakaa sana, tamu kwa nyimbo za polepole. Ya kuepuka kwa blugrasi ni ile ya mgongo wa duara wa kizamani ya Italia, hio ni nyepesi na nyuzi nzito zitaivuta mpaka ipinde.

*Shikamoo. Maduka yote nimezunguka Kisumu naambiwa nyuzi za mandolini hakuna, za gitaa ndio ziko. Naweza tumia? Na mbona zinashika kutu haraka hivi? – Kijana wa Kondele*

Marahaba. Unaweza, lakini si zote. Mandolini iko na nyuzi 8 kama nyatiti, ila hapa zimekaa mbili mbili, jozi nne, G D A E. Seti ya kawaida ya blugrasi unene wake ni 11, 15, 26 na 40, yaani sehemu za elfu moja za inchi, kuanzia E hadi G. Sasa ukichukua seti mbili za gitaa za kuanzia 11, zile nyembamba kabisa zinakuwa E, zinazofuata zikiwa 15 zinakuwa A, hizo ni chuma tupu na ni sawa kabisa. Kale kaduara ka shaba kwa mwisho wa waya wa gitaa kavunje na koleo polepole kitoke, kibaki kitanzi, kwa sababu mandolini inashika kitanzi. Kwa D na G ndio mimi nakuomba uagize za mandolini zenyewe, za gitaa kawaida hazilingani, za chini zinakuwa nzito kuliko inavyofaa na mvuto wa nyuzi nane kwa kiuso kidogo hivyo si mchezo. Badilisha moja moja, umeona nilichomwambia huyo wa Nakuru.

Kutu ni jasho na ile hewa ya ziwa. Panguza kila waya na kitambaa kikavu juu na chini ukimaliza kupiga, iweke kwa kesi, na kamwe usiiache kwa gari mchana, gundi inalegea.

*Mimi napiga gitaa la omutibo, ule mtindo wetu wa Waluhya, nilifunzwa na babu. Nimeanza kupenda mandolini lakini rafiki zangu wanasema blugrasi ni muziki wa wazungu wa milimani, mtu wa Kakamega anatafuta nini huko? – Mpiga gitaa, Lurambi*

Hii barua imenifurahisha sana na nitaijibu kwa urefu. Waambie rafiki zako kwamba banjo, ambayo bila hio hakuna blugrasi, asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Bill Monroe mwenyewe akiwa kijana alimfuata na kupiga naye Arnold Shultz, Mmarekani mweusi, mpiga gitaa na fidla, na alikuwa anamtaja mpaka uzeeni. Halafu Monroe alipoingia Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville, mwaka 1939 aliimba wimbo wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Amerika. Huyo huyo Jimmie Rodgers ndiye santuri zake zilifika kwa Wakipsigis, wakamfanya Chemirocha, walivyotamka jina lake, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akaja kurekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba mwaka 1950. Kapkatet! Hapo tu Kericho. Kwa hivyo hii barabara imekanyagwa kutoka pande zote mbili.

Na wewe wa omutibo uko mbele kuliko unavyodhani. George Mukabi, yule nguli wa omutibo, na wenzake walipopiga, kulikuwa na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta kushika mwendo. Blugrasi ya asili haina ngoma, na anayefanya hio kazi ni mandolini, kwa kila mapigo manne besi inapiga la kwanza na la tatu, mandolini inachapa la pili na la nne. Shika G hivi: waya wa G freti ya 7, D ya 5, A ya 2, E ya 3. Hakuna waya uliobaki wazi, hio ndio siri, ukishachapa unalegeza vidole vya kushoto papo hapo bila kuviinua na sauti inakatika. Mkato mkavu. Vidole vikikataa kufika, acha waya wa G, tatu zinatosha. Ukisogeza umbo lote freti mbili juu umepata A.

Kitakachokusumbua ni mkono wa kulia, kwa sababu umezoea kidole gumba na cha shahada na hapa ni piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, chini juu chini juu bila kuruka. Tafuta piki nene, milimita 1.4 hivi, zile laini zinapiga kelele za plastiki. Anza polepole kabisa. Ukishazoea chukua nyimbo za babu uzipige kwa mandolini, mimi ningetaka sana kuzisikia.

*Mtoto wangu ana miaka tisa anataka mandolini, shuleni kwao wanafunza fidla. Si atachanganyikiwa? – Mama wa Webuye*

Hapana mama, zote zinatyuniwa sawa, G D A E, vidole atakavyojifunza huku vitamsaidia kule, na mandolini iko na freti kwa hivyo sikio lake litapata msaada. Mwanzoni vidole vitauma, mwekee nyuzi nyepesi za kuanzia 10 na afanye mazoezi mafupi kila siku.