Kijana anataka nyumba na gari? Mpe daftari akaulize bei mwenyewe

Dada yangu uliyeuliza kuhusu kijana wako wa kidato cha tatu, anayetaka kusoma sheria kwa sababu mawakili wana hela na anataka nyumba ya vigae na gari mapema, ngoja nikueleze tunavyofanya huku Kigoma. Nafundisha hesabu, mwaka wa tisa huu, na swali lako nakutana nalo kila mwaka, hasa wakijaza Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, yani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, maana hapo ndo utaona mtoto anachagua tahasusi kwa vile rafiki yake kaichagua.

Kwanza usimwambie sheria ni mbaya wala nzuri. Mwambie akuandikie maisha anayoyataka, kwa mwezi, kwa shilingi, na bei asikuulize wewe, akaulize huko huko zinakopatikana. Mimi wanafunzi wangu nawapa wiki mbili. Wanaenda kwa madalali wa nyumba mitaa ya huku, Gungu na Mwanga, wanauliza mtungi wa gesi unajazwa shilingi ngapi, wanawauliza mama zao unga na mafuta ya mawese yanaisha baada ya siku ngapi. Hapo wengi ndo wanajua kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, hilo hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kuna binti mmoja alikuwa anataka ualimu. Alirudi na kaunta buku yake kapiga mistari kwa rula: vyumba viwili choo ndani 120,000, gesi 24,000, umeme 20,000, chakula 250,000, bajaji 60,000, bando 30,000, saluni 20,000, na mstari wa mwisho kaandika "mama" 100,000. Jumla 624,000, na hapo gari hajaliweka. Akafurahi sana maana alishasikia mwalimu mwenye digrii analipwa kama laki saba.

Nikatoa slipu yangu ya mshahara, jina nimelifunika na karatasi, nikawaonyesha ile sehemu ya makato, afu tukachukua hiyo laki saba yake tukaikata ubaoni pamoja. Pensheni asilimia 5, 35,000. Bima ya afya asilimia 3, 21,000. Kodi ya mshahara 49,000. Halafu bodi ya mikopo, kama alisoma kwa mkopo, asilimia 15, yani 105,000. Inabaki 490,000. Darasa zima kimya. Binti akachukua rula akaanza kufuta, akafuta saluni, bajaji akaipunguza nusu, chumba akaandika "na mwenzangu" ikawa 60,000, ikabaki 514,000, bado haitoshi, nikamwambia angalia mstari wa mwisho akasema hapana mwalimu huo sifuti. Akaenda kukata kwenye chakula. Ualimu hakuuacha, na mimi sikutaka auache, nilichotaka aingie anajua.

Sasa kuna upande mwingine ambao wazazi tunausahau, nao ni hela inaingiaje. Nilikuwa na kijana ambaye kaka yake ana mtumbwi wa dagaa pale Kibirizi, akaniambia mwalimu, kaka anaweza kupata kwa usiku mmoja unachopata wewe mwezi mzima. Na ni kweli usiku mzuri upo, nimeuona. Nikamwambia tuhesabu mwaka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mtumbwi unakaa ufukweni, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, na mafuta ya injini na posho za vijana wa mtumbwini zinatoka kwenye hela hiyo hiyo. Akaenda kukaa na kaka yake jioni nzima, wakajumlisha za mwaka, wakatoa gharama, wakagawanya kwa 12. Bado ilikuwa hela ya maana, sio ya kudharau hata kidogo, lakini haikuwa ile aliyokuja nayo kichwani, na kaka mtu mwenyewe aliniambia ndo mara ya kwanza anaigawanya hivyo.

Kwa hiyo huyo wa kwako akimaliza kuandika matumizi, aandike na njia yenyewe. Sheria sio digrii tu, ukitaka uwakili bado kuna Law School pale Dar, karibu mwaka mzima mwingine, na huo mwaka una kodi na nauli na chakula vyake, nani atalipa? Afu mara nyingi kuna miezi ya kukaa ofisini kwa wakili mwingine unajifunza kabla hujapata wateja wako. Na nyumba anaitaka wapi? Kwa hela ya vyumba viwili huku Gungu, Dar atapewa kingine kabisa. Aweke na miaka miwili mitatu ya kusubiri ajira, hiyo wengi wameipitia, na mimi nimo, nilikaa kwa shangazi Ujiji nafundisha tuisheni jioni na kuna mwezi kodi ya darasa tu ilinishinda.

Usimhesabie wewe, nakuomba sana. Ukimhesabia ataona unamkatisha tamaa na daftari halitafunguliwa tena. Jumamosi hii mpe nauli aende kwa dalali aanze na kodi, na jumla yake akishaipata iweke hapa nimkokotolee makato.