Mwaka wa tatu wa uhandisi, moyo uko kwenye ubunifu wa ndani: nihame?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi? Nasoma uhandisi wa ujenzi Makerere, mwaka wa tatu. Alama zangu si mbaya, ila ninachokipenda ni kupanga nyumba kwa ndani: rangi, taa, makabati. Wenzangu wananiambia nihame sasa kabla sijachelewa. Baba hataki hata kusikia. Nifanyeje? (Msomaji, Wandegeya)

JIBU: Mdogo wangu, ungekuwa mwaka wa kwanza ningekuambia uhame. Mwaka wa tatu kati ya minne ni hesabu nyingine. Maliza.

Sijatumwa na baba yako. Naangalia milango tu. Hapa Uganda uhandisi una sheria yake na bodi yake ya usajili, na bila shahada inayotambuliwa husajiliwi. Wasanifu majengo nao wana yao. Mbunifu wa ndani hadaiwi usajili wa namna hiyo. Mteja anauliza umefanya nyumba ipi, halafu anaomba picha. Mlango huo utaukuta wazi hata ukichelewa miaka miwili. Ubaya wake ni kwamba kila mwenye simu na picha za intaneti anajiita mbunifu, na bei zinashuka. Hapo ndipo uhandisi utakapokulisha.

Chukua jiko la ghorofani. Mteja anataka sinki lihamie kwenye meza ya katikati, mita 4 kutoka lilipo bomba la maji machafu. Kwenye picha linapendeza. Lakini bomba linahitaji mteremko, tuseme 1 kwa 40, na kwa mita 4 hizo ni sentimita 10 za kushuka. Zitatoka wapi, ikiwa juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, kuna sentimita 5 tu za saruji ya kusawazishia? Ama uinue sakafu, ama upitishe bomba kwenye dari ya jirani wa chini, ama umwambie mteja sinki libaki ukutani. Asiyejua haya hugundua vigae vikiwa vimeshabandikwa. Kuta ni vilevile mteja akitaka kuzibomoa: kwenye jengo la nguzo na boriti za zege, ukuta wa matofali wa katikati mara nyingi hujibeba wenyewe tu, lakini kwenye nyumba isiyo na ghorofa huenda paa limeukalia.

Sasa upande wa pili, maana wahandisi tuna kiburi. Darasani kwenu hamfundishwi rangi, vitambaa, wala kwa nini sebule yenye taa nyeupe za Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) inafanana na duka la dawa. Bahati yako, shule ya sanaa ya Margaret Trowell iko ndani ya koleji yenu hiyohiyo. Mwombe mhadhiri ruhusa ukae nyuma kwenye vipindi vya kuchora.

Kisha jipime. Pima chumba chako cha hosteli, kichore kwa skeli ya 1:50 pamoja na soketi na upande mlango unakofungukia, halafu buni kabati moja. Mchoro upeleke kwa seremala wa Ndeeba, mwulize bei, na ukiweza kulipa, simama pale akikata mbao. Sehemu kubwa ya kazi hii ni hiyo: vumbi, risiti, ubishi wa bawaba, na mteja anayebadili rangi saa nne usiku. Wengi wanaosema wanapenda ubunifu wanapenda picha za mwisho.

Kama unasoma kwa mkopo wa serikali, soma mkataba kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mikopo hiyo imelenga zaidi sayansi na teknolojia.

Likizo ijayo, mafunzo ya vitendo usiyafanyie kwenye barabara kama wenzako. Tafuta mkandarasi anayemalizia majengo, uwe karibu na watu wa dari, vigae na umeme. Baba mwambie shahada unaimaliza. Hayo mengine bado hayahitaji kikao.