Nini hupasha moto tabaka za chini za Jua wakati wa mlipuko?

SWALI: Nimesoma kwamba milipuko ya Jua huanzia juu, kwenye korona, tabaka lake la nje. Mbona basi mng'ao mkali huonekana chini, karibu na uso wa Jua? Joto hufikaje huko?

JIBU: Kinachoshuka kwa wingi ni elektroni. Mistari ya sumaku iliyojisokota juu ya madoa ya Jua ikikatika na kuungana upya, nishati iliyohifadhiwa humo hufyatuka, na sehemu yake kubwa huzirusha elektroni kwa kasi inayofikia theluthi ya kasi ya nuru, na nyingine kuzidi hapo. Elektroni hizo hufuata tao la sumaku, yaani mistari iliyopinda kama upinde, hadi miguuni pake. Gesi ya korona ni nyepesi mno, hivyo hupita bila kizuizi. Zikigota kwenye kromosfia, tabaka lililo chini ya korona, ambako gesi ni nzito zaidi, hugongana na chembe zake na kusimama. Hapo ndipo nishati yake hugeuka joto.

Ushahidi ni eksirei kali zinazotoka katika miguu hiyo, ambazo setilaiti ya RHESSI ilizipiga picha kuanzia 2002 hadi 2018. Gesi ya nyuzi kama 10,000 hupanda ghafla hadi zaidi ya milioni 10, ikafumka na kurudi juu kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, ikalijaza tao zima.

Ugumu uko chini zaidi, kwenye fotosfia, yaani uso wa Jua tunaouona. Tarehe 1 Septemba 1859, mwanaastronomia Richard Carrington alikuwa Uingereza akichora madoa ya Jua alipoona mabaka mawili ya mwanga mweupe yakiwaka, kisha yakafifia ndani ya dakika tano hivi. Mwanga wa namna hiyo unadai joto la kina kirefu, na elektroni nyingi huishiwa nguvu kabla ya kufika huko. Kwa hiyo wapo wanaosema protoni ndizo zinazopeleka joto huko. Mwaka 2008 wanafizikia wa Jua Lyndsay Fletcher na Hugh Hudson walipendekeza mawimbi ya Alfvén, yaani mitikisiko inayosafiri kwenye mistari ya sumaku. Wengine husema kromosfia iliyokwisha kupata moto humwaga miali ya urujuanimno chini na kuipasha fotosfia.

Mimi naegemea maelezo haya ya mwisho, ingawa mawimbi siyatupi. Katika milipuko mingi mwanga mweupe na eksirei kali huwaka karibu wakati uleule na mahali palepale, jambo ambalo ni vigumu kulieleza ukiziweka elektroni kando.